Bendera Ilipanda Saa Sita Usiku, Akiba Ikabaki London

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na ya Tanganyika ikapandishwa. Luteni Alexander Nyirenda alikuwa Kilimanjaro na mwenge. Ngoma zilipigwa mpaka alfajiri. Kulipokucha watu walikwenda sokoni kama kawaida, na noti walizotoa mfukoni kununulia unga na mafuta ya taa zilikuwa na sura ya Malkia Elizabeth.

Noti zile hazikuwa za Tanganyika. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919, kikakaa London miaka 40 na ushei kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1960. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja, na kwa miaka mingi karibu kila shilingi iliyotolewa ilitakiwa iwe na pauni zake zimewekwa Uingereza. Mkulima wa Kibosho akiuza kahawa, au shamba la Tanga likiuza singa za mkonge, pauni zilibaki London zikinunua dhamana za serikali, na huku kwetu ikaja karatasi ya kuzishuhudia. Mpango huo ulikuwa na faida yake, na si haki kuificha: shilingi haikuyumba, na hapakuwa na waziri aliyeweza kuchapa noti ili azibe pengo la bajeti. Lakini nchi isiyo na barabara ilikuwa ikiikopesha nchi tajiri.

Nimeanza na noti kwa sababu tumezoea kusimulia uhuru kwa hotuba na gwaride. Naamini hatima ya uchumi wa taifa jipya huamuliwa kwenye mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha: nani anatoa sarafu, nani anamiliki reli, mkataba wa mgodi unasema nini, deni la nani litalipwa na nani. Tuzo ya uhuru ni kuishika kalamu mwenyewe. Hatari yake ni kwamba unaishika juu ya daftari lililoanzwa na mwingine, na mara nyingi yeye ndiye anayejua kurasa zake.

Ankara ya kikatili kuliko zote ililetwa Haiti. Watumwa wa koloni hilo waliwashinda wanajeshi wa Napoleon na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Kwa miaka 21 Ufaransa ilikataa kuwatambua. Mwezi Julai 1825 manowari za Mfalme Charles X zilitia nanga Port-au-Prince zikiwa na sharti moja: Haiti ilipe faranga milioni 150 kwa awamu tano, na bidhaa za Ufaransa zitozwe nusu ya ushuru, ndipo itambuliwe kuwa nchi. Fedha zile zilikuwa za kuwafidia wenye mashamba waliopoteza mali zao, na katika mali hizo walihesabiwa binadamu. Aliyekata minyororo yake alitakiwa amlipe aliyemfunga thamani ya mwili wake mwenyewe.

Rais Boyer alikubali, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini. Milioni 30 za awamu ya kwanza zilikopwa Paris, na wakopeshaji wakakata milioni 6 zao kabla hata hela haijatoka. Kwa hiyo nchi ilianza na madeni mawili, la fidia na la mkopo wa kulipia fidia. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa, jumla yake ikawa milioni 90. Bado mikopo ilizaa mikopo, na mabaki ya mwisho yalilipwa mwaka 1947. Waliobeba mzigo huo ni wakulima wa kahawa wa milimani, kwa ushuru uliokatwa kila gunia lilipopita bandarini. Mtu akiniambia kwamba Haiti imefukarishwa na uvivu wa watu wake, humwomba ahesabu kwanza miaka kutoka 1825 hadi 1947.

Ufaransa ileile ilitoa onyo jingine Afrika Magharibi. Jenerali de Gaulle alifika Conakry tarehe 25 Agosti 1958 akitaka makoloni yapige kura ya kubaki ndani ya jumuiya yake. Sékou Touré alimwambia usoni kwamba watu wa Guinea wanachagua umaskini wenye uhuru kuliko utajiri wa kitumwa. Tarehe 28 Septemba zaidi ya asilimia 95 walipiga kura ya hapana, na tarehe 2 Oktoba Guinea ikawa huru. Wafaransa waliondoka na mafaili, na simu zikang'olewa ukutani. Misaada ilikatwa. Guinea ilipotoa faranga yake tarehe 1 Machi 1960, idara ya ujasusi ya Ufaransa iliingiza noti bandia ili kuivuruga.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wasimulizi wa kisa hiki hulipita haraka. Kiwanda cha alumina cha Fria, kilichoanza kazi mwaka huohuo wa 1960 chini ya kampuni ya Kifaransa ya Pechiney na washirika wake, hakikuguswa. Hasira ilikuwa ya Ikulu ya Paris. Faida iliendelea na safari yake. Naye Touré, aliyekuwa na sababu zote za kujihami, aliwageukia watu wake mwenyewe. Biashara ikawekwa mikononi mwa serikali, wachuuzi wakasakwa kama maadui, wapinzani wakafia katika Kambi ya Boiro, na wengi waliokuwa na ujuzi au mtaji wakakimbilia Senegal na Ivory Coast. Ubaya aliotendewa hauwezi kuwa kisingizio cha hayo. Jirani yake Mali ilitoa faranga yake mwaka 1962, ikashindwa kuihimili, na mwaka 1984 ikarudi kwenye faranga ya CFA.

Kongo iliporwa kwa kalamu kabla ya kuporwa kwa bunduki. Mwanzoni mwa mwaka 1960 viongozi wake walikaa Brussels kuzungumzia siasa, wakarudi na tarehe ya uhuru, 30 Juni. Mkutano wa pili, wa uchumi, ulifanyika Aprili na Mei. Wakubwa hawakwenda, walikuwa kwenye kampeni za uchaguzi. Walituma vijana, baadhi wakiwa wanafunzi, na mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari aitwaye Joseph-Désiré Mobutu. Upande wa pili wa meza walikaa watu waliozeeka kwenye mabenki na migodi.

Yaliyofuata yalikwenda kimyakimya. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 17 Juni iliyaruhusu makampuni ya Kongo kuchagua uraia, na mengi yakahamishia makao yao Ubelgiji, kodi zikafuata makao. Tarehe 27 Juni, siku tatu kabla ya bendera, ilivunjwa Kamati Maalumu ya Katanga, chombo ambacho kupitia kwake serikali ya koloni ilikuwa na kura nyingi ndani ya kampuni ya shaba ya Union Minière. Uhuru ulipofika chini ya Waziri Mkuu Lumumba, nchi ilikuwa na hisa bila usemi. Wahitimu wake wa chuo kikuu hawakuzidi 30. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe aliitenga Katanga, na Union Minière ikaanza kulipa kodi zake kwake, si Léopoldville.

Mimi huona siku zile mbili za Juni kuwa na uzito kuliko hotuba zote za tarehe 30, na inauma kwamba watoto wetu husoma hotuba tu.

Mobutu, sasa akiwa rais, alitaifisha Union Minière tarehe 1 Januari 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Hata hapo, uuzaji wa shaba ulibaki kwa kampuni ya kundi lilelile la Brussels. Kwa wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kampuni ilikuwa baba na mama: ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Kisha wakubwa wa Kinshasa, jina jipya la Léopoldville, wakaigeuza kuwa mfuko wao. Mashine hazikubadilishwa. Mwaka 1986 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Watoto wa waliokuwa wakipewa posho waliingia mashimoni na sururu kujichimbia wenyewe. Ubelgiji ilianza wizi huo, ndiyo. Lakini miaka 30 ya mwisho ya karne ile waliouendeleza walikuwa na pasipoti za nchi hiyohiyo.

Kenya ilikutana na swali la Haiti kwa sauti ya upole. Ardhi ya Nyanda za Juu ilikuwa imetengwa kwa Wazungu, na watu walipigana na kufia msituni kwa ajili yake. Uhuru ulipokaribia, njia iliyochaguliwa ilikuwa kuinunua. Kwa mpango ulioanza mwaka 1962, ekari zaidi ya milioni moja zilinunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, zikagawiwa familia zipatazo 35,000, nazo zikaandikwa deni. Mzee ambaye shamba la baba yake lilichukuliwa bila senti alitakiwa alilipie kwa awamu. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alikataa jambo hilo waziwazi na likamgharimu nafasi yake serikalini.

Pamoja na dhuluma hiyo, Kenya ndiko ninakoona tuzo ya uhuru kwa macho. Chini ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miongo mingi kulima mazao yenye fedha. Kahawa ilikuwa ya setla, chai ya makampuni makubwa. Mwaka 1964 iliundwa mamlaka ya wakulima wadogo wa chai, KTDA, na watu wa Murang'a, Nyeri, Meru, Kisii na kwingineko wakapanda chai kwenye viraka vya ekari moja au mbili. Nenda huko asubuhi ukamwone mama na kikapu mgongoni. Anachuma majani mawili na chipukizi lake, mikono yote miwili kwa pamoja, anarusha nyuma bila kutazama. Mchana anakwenda kupanga foleni kwenye kituo cha kununulia, karani anapima kilo, anaandika. Kila mwezi analipwa kidogo, na mwishoni mwa mwaka anasubiri bonasi. Bonasi ikiwa nzuri, karo imelipwa na paa limebadilishwa. Wako zaidi ya 600,000 leo. Ugomvi wao na kiwanda juu ya makato na bei hauishi, na wana haki ya kugomba. Lakini ni ugomvi wa mwenye chai. Babu zao wangevuna kama vibarua tu. Huko Kericho, makampuni yalibaki na mashamba yake, na Wakipsigis wanadai ardhi ile mpaka sasa.

Turudi Tanganyika, ambako mambo yote haya yalikutana.

Zao kuu la nchi lilikuwa mkonge. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, iliyofika hai ni 62, na hiyo ndiyo ikajaza Tanga, Korogwe na Morogoro. Wavunaji waliitwa manamba, watu walioandikishwa kwa namba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Kila manamba alikuwa na kipande chenye miraba ya siku 30. Anaamka usiku, anapewa kipimo, anakata majani mazito yenye utomvu unaowasha, anaondoa miiba ya nchani, anafunga mafungu, anayapanga kando ya reli ya toroli. Nyapara akipita asiporidhika, mraba wa siku hiyo haujazwi. Siku 30 za kipande ziliweza kula mwezi na nusu wa maisha ya mtu.

Serikali huru ilipandisha ujira wa watu hao, na kwa hilo peke yake uhuru ulistahili. Mwaka 1964 mkonge ulifika kilele, tani zipatazo 230,000, hakuna nchi duniani iliyotupita. Kisha viwanda vya ng'ambo vikaanza kusokota kamba za plastiki. Bei ikaanguka. Tuliweza kuamua manamba alipwe nini, lakini hatukuwa na sauti juu ya kamba ambayo mkulima wa Marekani anafungia nyasi zake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mavuno yalikuwa hayafiki tani 30,000, na korona nyingi, zile mashine za kukamulia majani, zilikuwa vyuma chakavu vilivyoota majani.

Misaada nayo ilikuja na kamba zake. Baada ya Muungano na Zanzibar wa mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilikasirishwa na kuwepo kwa ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki nchini, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Rais Nyerere, yaani Mwalimu, akaiambia iondoe na uliobaki. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi iliyokuwa na mapato madogo kama yetu, hicho kilikuwa kiasi cha kukosesha usingizi. Nadhani alifanya sawasawa. Msimamo ambao hauna gharama hauwezi kuitwa msimamo.

Siku ambayo huirudia sana akilini ni ya Novemba 1967. Mwaka mmoja na nusu nyuma, tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imefunguliwa, Edwin Mtei akiwa gavana wake wa kwanza. Kenya na Uganda nazo zikawa na zao. Novemba ile Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Nchi tatu za Afrika Mashariki zilikaa, zikapima, zikaamua shilingi zao zisishuke. Kama ingekuwa zama za Bodi, shilingi ingeteremka pamoja na pauni siku hiyohiyo, na mkulima wa Kibosho angesikia habari redioni. Ni uamuzi mdogo kwenye vitabu vya historia. Kwangu mimi, siku hiyo uchumi wetu ulipata uhuru wake, miaka sita baada ya bendera.

Mwezi Februari mwaka huo lilikuwa limetoka Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa siku iliyofuata kutangazwa kwake. Azimio lilisema kweli nzito: nchi inayotegemea fedha za wengine haiwezi kujitawala. Hata leo sioni wa kulipinga hapo. Tatizo lilikuja katika utekelezaji. Mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976, wengi kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa, mashamba yakaachwa mbali. Vyama vya ushirika ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa jasho lao, wengine tangu zama za Wajerumani kuondoka, vilivunjwa mwaka 1976. Mashirika ya umma yaliongezeka, mengi yakila ruzuku bila kuzalisha. Hayo hatukulazimishwa na mtu.

Mengine tulilazimishwa. Pipa la mafuta lilikuwa kama dola 3 mwaka 1973 kabla ya Oktoba. Januari 1974 lilikaribia dola 12. Ukame ukaja humohumo, akiba ya fedha za kigeni ikaishia kwenye nafaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita vile vikala fedha zinazokadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Mikanda ilifungwa miaka.

Muulize mama yeyote aliyelea watoto Dar es Salaam mwaka 1982. Atakuambia juu ya ugali wa yanga, wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, watoto wakiusukuma pembeni. Atakuambia nguo zilivyofuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na katambuga za matairi miguuni. Atakuambia namna watu walivyoweka jiwe kwenye foleni ya sukari ili kushika nafasi, wakaenda kazini, wakarudi kukuta sukari imekwisha na jiwe bado lipo. Dirishani bei ya serikali, uani bei ya mlanguzi. Mtei, ambaye baada ya ugavana alikuwa waziri wa fedha, alikuwa amejiuzulu mwishoni mwa 1979 baada ya Mwalimu kukataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, masharti yalikubaliwa. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 17 mwaka 1985. Mwaka 1990 ilikaribia 200. Bidhaa zilirudi madukani, na wengi hawakuwa na hela ya kuzinunua.

Sasa, upande wa pili wa mizani. Mwalimu alipenda kusimulia kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari 12, na asilimia 85 ya watu wazima wasiojua kusoma. Alipong'atuka mwaka 1985, asilimia 91 walikuwa wanajua. Hata ukitaka kupunguza hesabu hizo kwa sababu zilitoka kwa mwenyewe, mabadiliko hayafichiki. Mtoto wa manamba alisoma shule ya msingi bure, na katika watoto hao wametoka majaji na maprofesa. Serikali ya kikoloni ilipotaka kufanya jambo kubwa la kiuchumi, ilileta mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, 1947 hadi 1951, ukapoteza zaidi ya pauni milioni 36 za Waingereza bila karanga za maana. Kwa fedha hizo zingejengwa shule ngapi! Hakuna aliyewauliza Wagogo kama ardhi ya Kongwa inafaa. Wangewaambia juu ya mvua zake.

Nimeitaja Jumuiya. Kifo chake kinastahili simanzi zaidi ya tunayoipa. Nchi tatu zilikuwa na reli moja, bandari za pamoja, posta moja, shirika moja la ndege. Kila moja ikiwa huru iliona mwenzake anafaidi zaidi, na kwa kweli viwanda vilikuwa vimerundikana Nairobi tangu ukoloni. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ndege zilikwama kwa wenye kuzishika, mabehewa yakazuiwa, malori ya Namanga yakageuzwa. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mali zikagawanywa rasmi Arusha mwaka 1984 baada ya miaka ya upatanishi wa Mswisi, Victor Umbricht. Zilipita karibu miaka saba ambamo Mmasai aliweza kuvuka na ng'ombe zake porini, lakini lori la saruji halikuweza kuvuka barabarani.

Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya mpya tangu 2016, ilionja hatari ya bomba moja. Ilipojitenga tarehe 9 Julai 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta, lakini njia ya kwenda baharini ilibaki Sudan. Wakagombania ada ya kupitisha, na Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe, ilhali mafuta yalikuwa karibu mapato yote ya serikali. Vilikaa vimefungwa zaidi ya mwaka. Desemba 2013 wakaanza kuuana.

Mfano wa kinyume mara nyingi huwa Botswana, na una haki yake. Tarehe 30 Septemba 1966 ilikuwa nchi ya ng'ombe na ukame, barabara yake ya lami ikiwa ya kilomita za kuhesabika, bajeti yake ikizibwa na Uingereza. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa Orapa. Mwaka huohuo ikapita sheria iliyoyaweka madini yote chini ya taifa badala ya makabila, na Rais Seretse Khama mwenyewe alitoka kwenye ukoo wa machifu wa Bangwato, ambao Orapa ilikuwa ndani ya eneo lao. De Beers ilianza kwa kuipa serikali asilimia 15. Wabotswana walisoma, wakajifunza, wakarudi mezani, na mwaka 1975 wakapata nusu kwa nusu. Mwaka 1976 wakaacha randi ya Afrika Kusini na kutoa sarafu yao, pula, maana yake mvua. Hapo tofauti na Kongo iko wazi: huku wakubwa walikaa wenyewe kwenye mkutano wa uchumi. Lakini nao hawajasalimika. Almasi zinazotengenezwa maabara zimeshusha bei miaka ya karibuni, na uchumi wao ulisinyaa mwaka 2024, kama kamba za plastiki zilivyotufanya Tanga.

Tanzania ilirudi kwenye somo hilo mwaka 2017, baada ya kuzuia makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini, kwenda nje. Sheria za mwaka ule zilitamka kwamba serikali ipewe angalau asilimia 16 ya kila mgodi mkubwa bila kulipia. Januari 2020 mkataba ulitiwa saini na kampuni ya madini ya Barrick, ikaundwa kampuni ya Twiga, na dola milioni 300 zikakubaliwa kulipwa. Wapo wanaosema tulipata kidogo kuliko tulichodai, na ni kweli. Ila mikataba ya miaka ya 1990 ilikuwa imetiwa saini na Watanzania, chini ya bendera ya Tanzania, na ilichukua karibu miaka 20 kuisoma upya.

Nimebaki na noti yangu ya mwaka 1961. Nyuma kidogo, mwaka 1960, Mwalimu alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zote za Afrika Mashariki zijitawale pamoja, zikiwa na reli yao moja na shilingi yao moja. Juni 1963 viongozi watatu walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litakuwepo kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Shilingi moja tuliyokuwa nayo tuligawana mara tatu, nami nimekwisha kusema kwamba kwa Tanzania ule ulikuwa ushindi. Tangu hapo tumekuwa tukijaribu kuirudisha, safari hii kwa hiari yetu na bila akiba kwenda London. Itifaki ya sarafu ya pamoja ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikiahidi kwamba sarafu hiyo itakuwa mikononi mwetu mwaka 2024. Mwaka huo umepita. Tarehe mpya waliyoiweka ni 2031.